Bendera Iliyoishiwa Pumzi

Saa mbili kamili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, bendera ya taifa ilipandishwa katika Uwanja wa Mwanzilishi, ikasimama kabla ya kufika kileleni.

Hakukuwa na upepo. Kamba haikukatika. Koplo Shomvi, mpandishaji wa bendera, alikuwa mzima na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Bendera ilisimama kwa sababu tarumbeta ilinyamaza, na tarumbeta ilinyamaza kwa sababu mpigaji wake, Bi. Tunu Chambega wa Bendi ya Taifa, alikohoa.

Kwa ajili ya msomaji wa mbali, naeleza utaratibu. Katika Jamhuri yetu wimbo wa taifa huishia kwa sauti moja ndefu ya tarumbeta, na bendera hupanda kwa muda wote ambao sauti hiyo inasikika. Sauti ikikoma, mikono ya koplo nayo hukoma. Koplo hana ruhusa ya kuvuta haraka, kwa kuwa Katiba inasema bendera yetu haikimbizwi na yeyote. Hana ruhusa ya kuimalizia kimya kimya, kwa kuwa kitambaa kinachopanda bila tarumbeta kinaitwa na sheria "nguo iliyoanikwa". Kazi yake ni kuvuta sauti inaposikika na kuacha isiposikika, na kwa utiifu huo amepewa nishani.

Bendera ikiishia njiani, taifa lina msiba. Mlingoti umepakwa alama za rangi ili wananchi wajue ukubwa wa marehemu bila kuuliza. Karibu na kilele kuna alama ya njano, ya watumishi wastaafu. Chini yake ni buluu, ya majaji; kisha nyekundu, ya mawaziri; na chini kabisa, usawa wa goti la koplo, kuna alama nyeusi ambayo ni ya mtu mmoja tu, Mheshimiwa Mwanzilishi. Marehemu akiwa mkubwa zaidi, bendera huinama zaidi. Waliotunga sheria hiyo walidhani kwamba kifo hutangulia na bendera hufuata. Hawakufikiria kikohozi.

Siku ile ilisimama kwenye njano. Mkuu wa Itifaki, Bwana Zahoro Tindwa, alivua kofia, akatangaza msiba wa kitaifa, kisha akaenda kutafuta nani amekufa. Hospitali zilimjibu kwamba wastaafu wote wanaendelea vizuri. Ndipo akabisha hodi kwa Mzee Lameki, aliyekuwa mkuu wa posta, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja. Alimkuta akila muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Asante, mzee, sikai. Nimekuja na habari ya huzuni. Umefariki."

Mzee Lameki aliutazama muhogo wake. "Lini?"

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili nilikuwa nasukutua."

"Ndipo ilipotokea."

"Mbona sikuhisi kitu?"

"Tunashukuru kwa hilo. Familia itafarijika kusikia hukuteseka." Bwana Zahoro alimshika bega. "Mzee, kuna jambo moja dogo la kisheria. Marehemu hasalimiwi. Ile shikamoo niliyokupa hapo mlangoni ilikuwa ya mwisho."

Hapo ndipo Mzee Lameki aliposhtuka. "Zahoro, mimi nimegonga mihuri ujana wangu wote nikisubiri shikamoo za uzeeni. Ndiyo kwanza zimeanza kuja! Huo msiba unaisha lini?"

"Unaisha bendera ikishushwa kwa sauti ya tarumbeta, kutoka kileleni hadi chini."

"Basi ishusheni leo jioni."

"Haikufika kileleni, mzee. Hatuna pa kuanzia. Jioni Koplo ataitoa kimya kimya, na huko sheria haikuiti kushusha. Inakuita kuanua."

*

Ukweli unaothibitika ni kwamba Bi. Tunu hakuwa mtu wa kukohoa. Alikuwa na kifua ambacho majirani walikitumia kama saa: alipofanya mazoezi ya sauti ndefu, mwanamke wa jirani aliinjika wali sauti ilipoanza, na ilipokoma alikuta maji yameshatokota. Kwa jinsi alivyokuwa amezoea kuifikisha bendera kileleni na kubakiza pumzi ya kumwambia koplo habari za asubuhi, kikohozi hicho kilimshangaza yeye kuliko yeyote.

Lakini hakuwa peke yake. Mtaa wote wa Serikali ulikuwa unakohoa. Mawaziri walikohoa katika vikao, makarani walikohoa katika simu, na msoma habari wa redio aliweka kikohozi mahali pa nukta. Watu wa Bondeni, upande wa pili wa mji, hawakukohoa kabisa, na jambo hilo liliwaumiza roho. Wao walikunywa maji ya kisima chao cha zamani. Mtaa wa Serikali ulikunywa maji ya Tangi la Mwanzilishi, lililo juu ya mnara, na kikohozi kikawa alama ya mtu mwenye bomba la serikali nyumbani. Bondeni likafunguliwa darasa la kukohoa. Waliohitimu waliajiriwa upesi.

Jambo jingine la kujua ni Ukungu wa Heshima. Kwetu hakuna sherehe inayoanza kabla ya wageni kunyunyiziwa maji ya tangi hilo kwa mashine inayoyapasua yakawa laini kama moshi. Ni desturi ya heshima, inatuliza vumbi, na wageni huambiwa wafungue vinywa wayapokee. Bendi ya Taifa husimama chini ya mdomo wa mashine, ili tarumbeta zing'ae.

Bi. Tunu alikwenda kwa Dkt. Tusekile Mwaipaja, daktari wa mapafu, ambaye alimpa dawa na likizo. Akiwa likizo Bondeni kwa dada yake, akapona. Aliporudi kazini, akapulizwa ukungu na kunywa glasi ya maji ya ofisini, kikohozi kikarudi na homa juu yake.

"Dawa yako imeisha nguvu, daktari," alisema.

"Dawa ni nzima. Wewe ndiye unayerudi kulekule." Dkt. Tusekile aliweka chupa mbili mezani. Ya Bondeni ilikuwa angavu. Ya tangi ilikuwa na kitu kama kamasi kinachoelea. "Haya yamekaa juani, vuguvugu, yametulia, na ukuta wa tangi umeota utelezi. Vijidudu vinapenda hivyo hasa. Ukiyanywa, mengi yanashuka tumboni. Lakini tone likipotea njia, ile ya kupaliwa, linaingia kifuani. Na ule ukungu ni mbaya zaidi. Matone yake ni madogo mno, ukivuta pumzi yanafika ndani kabisa ya mapafu na mzigo wake."

"Si kwamba tunaambukizana?"

"Mume wa mpiga ngoma analala Bondeni kitanda kimoja na mkewe. Anakohoa?"

"Anakoroma tu."

"Basi. Tunu, nisikilize vizuri. Kila unaporudi chini ya ile mashine, mapafu yanapata kovu jipya. Ukiendelea hivi, hutapiga tena tarumbeta. Hata filimbi ya refa itakushinda."

Bi. Tunu aliweka kiganja kifuani. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakuna aliyemzidi, na kilikuwa ndani ya kile kifua.

*

Dkt. Tusekile alipeleka matokeo serikalini, akaitwa kwenye kikao cha wizara mbili. Mwili wa raia, katika Jamhuri yetu, umegawanywa kiutawala tangu uhuru: kooni hadi tumboni ni Wizara ya Maji, puani hadi mapafuni ni Wizara ya Hewa. Mpaka haujawahi kuleta ugomvi kwa sababu hakuna aliyewahi kuuvuka.

"Nimeisoma taarifa ya daktari," alisema Waziri wa Maji, "na nimeumia kama mzalendo. Maji ya Jamhuri ni matiifu. Yanashuka! Tangu tupate uhuru hayajawahi kupanda wala kukata kona. Mapafu yako pembeni. Maji yangu yatafuata nini pembeni?"

"Na mimi niweke wazi," alisema Waziri wa Hewa. "Hewa niliyokabidhiwa wakati naapishwa ilikuwa kavu. Kama kuna mtu ameitia maji, ajitokeze."

"Waheshimiwa," alisema Dkt. Tusekile, "maji yanaweza kuumiza tumbo na yanaweza kuumiza kifua. Naomba tangi lisafishwe, basi. Sina ombi jingine."

"Tangi ni safi! Nitawaonyesha." Waziri wa Maji alijaza glasi, akaiinua, akanywa yote. Alisema "Mnaona?" kabla hajamaliza kumeza. Kilichofuata kilidumu hadi miwani yake ikaanguka na walinzi wakaingia. Itifaki iliandika kwamba Mheshimiwa alihutubia kwa hisia.

Hata hivyo wajumbe hawakuwa watu wabaya, na baada ya chakula cha mchana walikubali kwamba tangi lingeweza kusafishwa kwa heshima ya daktari, bila kukiri kwamba ni chafu. Hapo ndipo ilipokumbukwa habari ya mfuniko.

Sheria ya Hadhi ya Majina inataka jina la Mwanzilishi litazame mbinguni wakati wote, ili hata ndege za nchi jirani zikipita zijue kilichopo chini ni cha nani. Siku ya uzinduzi wa tangi, mafundi walitafuta juu ya mnara mahali palipolala sawa pa kuweka kibao cha marumaru, wakapata mahali pamoja tu. Kibao kilibandikwa juu ya mfuniko. Mfuniko ndio mlango pekee wa tangi. Ukiufungua unageuka, na jina linatazama chini.

"Ufunguliwe nusu," alipendekeza mtu.

"Jina litasimama wima," alisema Bwana Zahoro. "Mwanzilishi hasimami mbele ya mafundi. Huketi."

"Kibao kibanduliwe."

Watu wawili walitazama mlango kuona kama umefungwa.

"Basi tutoboe ubavuni!"

"Ubavuni pamechorwa picha yake. Utatoboa wapi, shavuni?"

Kikao kiliahirishwa. Tangi halijafunguliwa tangu lizinduliwe, na kikao kilikubaliana kwamba huo ni ushahidi kwamba hakuna uchafu ulioweza kuingia.

*

Bendera iliendelea kuishia njiani. Juma moja ilifika buluu, na Jaji Mwanamtama Kileo, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, aliambiwa papo hapo kwamba taifa limepata pigo. Alitaka kukata rufaa. Akaelezwa kwamba marehemu hana haki ya kusikilizwa, kifungu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekitolea hukumu.

Iliposimama kwenye nyekundu hali ikawa ngumu, kwa sababu mawaziri wote walikuwa na kazi nyingi wiki hiyo. Bwana Zahoro aliitatua kwa ustadi. Bi. Saada Nyembo, mwoka keki za harusi aliyekuja uwanjani kuuza maandazi, aliteuliwa kuwa Waziri, akaapishwa, akafariki. Kwa kuwa watu waliokuja kumpongeza walikuwa bado hawajaondoka, walibaki kumwombolezea, na maandazi yalitosha kwa shughuli zote mbili.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakubadilisha mpigaji. Wapiga tarumbeta wengine walisimama karibu zaidi na mashine ya ukungu, na hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya Bi. Tunu. Ulipigwa wimbo uliorekodiwa. Ulikuwa umerekodiwa mwaka jana na mmoja wao, na kikohozi kilikuwemo, na bendera ilikitii. Lilitolewa wazo la kuufupisha mlingoti, lakini urefu wake umetajwa katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa.

Ikabaki miezi miwili kabla ya Sikukuu ya Tangi, ambapo Mwanzilishi mwenyewe hupokea ukungu pamoja na wageni wa nje. Bendera ilikuwa inashuka wiki baada ya wiki, na Bwana Zahoro, ambaye alikuwa mzuri wa hesabu, aliona ni wapi itafikia siku hiyo. Alimwita Bi. Tunu ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamletea soda.

"Dada Tunu, hongera. Umeteuliwa."

"Kuwa nani?"

"Kwanza, Shujaa wa Taifa wa Daraja la Goti. Ni daraja jipya. Linakuweka sawa na alama nyeusi."

"Na pili?"

Bwana Zahoro alipangusa meza iliyokuwa safi. "Pili, bendera ikiishia pale kwenye nyeusi siku ya sikukuu, mbele ya wageni, ni lazima awepo marehemu wa kiwango hicho. Tunao wawili tu nchini. Mmoja siwezi hata kumtaja katika sentensi hii."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Utapewa barabara. Ina lami!"

"Kaka Zahoro, nikishakuwa marehemu, nitapiga tarumbeta wapi?"

"Hapo hutapiga, dada. Marehemu hana pumzi. Hilo hata daktari wako atakubali." Akakohoa, akaomba radhi, akakohoa tena. "Ningependa uone mahali pako kabla. Pana kivuli."

*

Nyuma ya Ofisi ya Itifaki kulikuwa na benchi refu ambalo marehemu walikaa kungoja msiba uishe. Walikuwa watatu: Mzee Lameki, Jaji Mwanamtama na Bi. Saada. Chai yao haikukabidhiwa mikononi. Iliwekwa jirani, na mwekaji akaenda zake akitazama pembeni.

"Huyu ndiye anayetuua," alisema Bi. Saada alipomwona Bi. Tunu.

"Mimi au maji?" Bi. Tunu aliketi ukingoni. Alieleza kuhusu tangi, utelezi, ukungu, mfuniko na kibao, akipumzika mara kwa mara kukohoa.

"Hata wewe hunisalimii," alinung'unika Mzee Lameki.

"Nikikusalimia nitafungwa, mzee. Na jela wanakunywa maji hayohayo."

Jaji Mwanamtama alikuwa amefumba macho tangu ilipotajwa Sheria ya Hadhi ya Majina. "Nisomeeni kifungu," alisema, kisha akakisoma mwenyewe kutoka kichwani. "'Mtu yeyote aliye hai hataligeuza jina la Mwanzilishi likatazama chini, na atakayefanya hivyo atanyongwa.' Haya. Aliye hai." Akafumbua macho. "Lameki, wewe ni nani kisheria?"

"Si nimekufa, Jaji."

"Na mimi?"

"Umekufa juma lililofuata."

"Bi. Saada?"

"Mimi nilikufa na maandazi mkononi," alisema Bi. Saada, akisimama. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni. "Ndoo ziko wapi? Sufuria la keki ya watu mia nane lililoungua nimelisugua kwa mikono hii. Tangi ni nini?"

"Ngojeni," alisema Mzee Lameki. "Sisi tukisafisha, Tunu anapona, bendera inafika kileleni, anaishi. Vizuri. Na sisi? Jioni bendi haipo, Koplo ataianua kimya kimya tu. Tutarudi kwenye benchi?"

Bi. Tunu alifikiri. "Kule juu ya mlingoti, kamba inapita kwenye gurudumu kubwa kuliko inavyohitajika. Lilitolewa kwenye mgodi uliofungwa. Bendera ikifika kileleni, Koplo akiendelea kuvuta, inapita juu ya gurudumu na kushuka upande wa pili."

"Atavuta kweli?"

"Shomvi? Tarumbeta ikilia anavuta. Hajui jambo jingine."

"Kupanda na kushuka, kwa pumzi moja?" Jaji alimtazama. "Na ukikatika njiani wakati wa kushuka?"

"Ikikatika kwenye nyeusi, nimekufa. Kama ilivyopangwa. Kwangu hakuna kilichozidi."

*

Marehemu walikwenda mchana, baada ya mlo, kwa mlango wa mbele. Mlinzi wa mnara aliwasimamisha.

"Nani nyie?"

"Marehemu," alisema Mzee Lameki.

"Wote watatu?"

"Wote."

"Mna kibali?"

"Kibali hupewa aliye hai, kijana," alisema Jaji Mwanamtama. "Hebu nionyeshe kinapotajwa kibali cha marehemu."

Mlinzi alitafakari kwa muda mrefu. Alikuwa ameamriwa kuzuia watu, na hawa tangazo la serikali lilishasema si watu tena. Akafungua geti, akavua kofia, akasema, "Mwenyezi Mungu awarehemu."

"Amina," walijibu, wakapanda na ndoo zao, brashi, na dawa ya klorini ambayo Dkt. Tusekile alikuwa ameiacha jirani, akatazama pembeni.

Mfuniko ulifunguka kwa mlio uliosikika hadi sokoni. Jina la Mwanzilishi lilitazama chini, na jua likaendelea kuwaka. Ndani vilikutwa: utelezi wa kijani unene wa kiganja, mabaki ya njiwa, chura hai wa umri mkubwa, utepe wa uzinduzi, na mkasi wa dhahabu uliokatia utepe huo, ambao tume mbili zilikwisha kuutafuta na makarani watatu kufukuzwa kazi kwa ajili yake. Walifungulia maji yote yakatoka. Walifunga vitambaa puani. Bi. Saada alisugua akiimba, Mzee Lameki alichota tope, na Jaji aliipima dawa kwa kikombe kama anayetoa kifungo, bila kuzidisha wala kupunguza. Waliosha hadi mabomba na mdomo wa mashine ya ukungu. Kisha wakajaza maji mapya, wakafunga mfuniko, na jina likarudi kutazama mbinguni likiwa limesafishwa kinyesi cha ndege.

Hakuna aliyeshtakiwa. Ilithibitishwa kwamba hapakuwa na mtu mahali pale.

Dkt. Tusekile alimpa Bi. Tunu dawa upya, safari hii kamili hadi ya mwisho. Majuma yalipita na Mtaa wa Serikali ukaanza kunyamaza. Msoma habari alirudi kwenye nukta. Wizara ya Maji na Wizara ya Hewa kila moja ilitangaza kwamba tatizo ambalo halikuwepo limekwisha. Bondeni darasa la kukohoa lilifungwa, na mwalimu wake akaanzisha la kupiga chafya, endapo itahitajika. Bi. Tunu alipumzishwa na bendera haikupandishwa hadi sikukuu ili asipoteze pumzi aliyobakiza, na misiba ikasimama kwa muda. Alifanya mazoezi kwa dada yake. Haijulikani kifua chake kilikuwa kimerudi kiasi gani. Daktari alisema makovu ya mapafu hayaongei mpaka uyaulize.

*

Asubuhi ya Sikukuu ya Tangi, Mwanzilishi aliketi. Wageni wa nje waliketi. Benchi la marehemu lililetwa pembeni, kwa kuwa sheria inawaruhusu kuwepo kiroho. Ukungu wa Heshima ulipulizwa, ukatua nyusoni na vinywani, na watu wakangoja sauti waliyoizoea. Haikuja. Uwanja mzima ulipumua maji na hakuna aliyekohoa. Wageni wengi walifurahi. Mhitimu mmoja wa Bondeni alijaribu, akaona yuko peke yake, akaacha.

Bi. Tunu alijaza kifua, akapiga.

Bendera ilipita nyeusi. Bwana Zahoro, aliyekuwa na hotuba ya rambirambi mfukoni, alilegeza tai. Ilipita nyekundu, ikapita buluu, ikapita njano ambayo haikuwa imepitwa tangu mwezi wa nne. Ikagusa kilele. Wananchi walishangilia. Bwana Zahoro alimwinulia Bi. Tunu mkono: basi, dada, inatosha.

Hakuacha. Koplo Shomvi alisikia tarumbeta, akavuta. Bendera ilipita juu ya gurudumu, ikaanza kushuka upande wa pili.

"Tunu!" alinong'ona Bwana Zahoro kwa nguvu. "Tunu, unaua mtu!"

Ilifika njano, na wastaafu waliinamisha vichwa. Ikapita. Ilifika buluu, majaji wakashikana mikono. Sauti ilitetemeka kidogo hapo, kama inayotafuta pa kukanyaga, kisha ikanyooka. Ilipofika nyekundu Waziri wa Maji na Waziri wa Hewa walitazamana, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Ikapita. Wakaketi kwa wakati mmoja.

Sasa bendera ilikuwa inakaribia goti la koplo. Uso wa Bi. Tunu ulikuwa umebadilika rangi na mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Kwenye benchi la marehemu, Bi. Saada alikuwa amevuta pumzi naye na hakuitoa, kana kwamba angeweza kumwazima. Mwanzilishi aliinama mbele.

"Zahoro," aliuliza, "hapo ni kwa nani?"

Bwana Zahoro aliingiza mkono mfukoni akaishika ile hotuba.

Bendera ilifika kwenye nyeusi. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilikuwa inasikika, na Koplo Shomvi hakuhitaji zaidi ya hapo. Alivuta. Pindo la bendera liligusa ardhi, kisha bendera yote ikalala chini, na hapo ndipo tarumbeta ilipokoma.

Bi. Tunu alishusha mikono. Alivuta hewa kwa pua, taratibu, hadi ndani, akangoja. Hakukohoa.

"Koplo," alisema, "nani amekufa?"

Koplo Shomvi alikagua alama zote kuanzia juu hadi chini. "Hakuna, dada."

Bwana Zahoro alisimama pale akiirudia sheria kichwani: kwa sauti ya tarumbeta, kutoka kileleni hadi chini. Aliirudia mara ya pili. Kisha alivuka uwanja mbele ya Mwanzilishi na wageni wote, akaenda hadi kwenye benchi la pembeni, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee Lameki."

"Marahaba."